Makala Niliyoificha Sandukuni

Nilimwonea wivu mwanamke aliyefiwa na mume. Nalisema mwanzo ili anayetaka kuniacha hapa aniache. Wala hakuwa adui yangu. Alikuwa shoga yangu tangu tulipokaa dawati moja skuli, na siku mumewe alipozikwa nililia naye mpaka sauti ikanikauka. Lakini wiki tatu hazijatimia, yeye yumo ndani na nguo zake nyeupe za eda, mimi nshaanza kumwonea kijicho.

Sote wawili tulikuwa tukiandika. Miaka ile ya hamsini gazeti la kila wiki la hapa mjini lilipokea makala za watu wasioajiriwa, na wanawake tuliopeleka tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Hatukuwa na wa kutufundisha. Mwanamme akitaka kujua mhariri anapenda nini, alikwenda kukaa naye barazani baada ya alasiri, akanywa kahawa vikombe viwili, akasikia nani anaandika nini na kipi kinatakiwa wiki ijayo. Akirudi kwake ana habari, na ana rafiki. Mimi ningekwenda kukaa baraza ya nani? Nilikuwa nikifika dirishani kwa karani na buibui langu, nampa karatasi, anasema "haya," narudi nyumbani kungoja.

Njia yangu pekee ilikuwa mke wa mhariri. Harusi akiwapo, nilijitahidi nikae mkeka mmoja naye. Msiba ukitokea, nilitazama kwanza kama yupo, Mungu anisamehe. Ramadhani nilimpelekea sahani ya visheti nilivyovikaanga mwenyewe. Nyumba zetu mtu akiletewa kitu huirudisha sahani na kitu, na ukitaka kujua mtu anakuwekaje, tazama kilichorudi. Yangu ilirudi na ndimu tatu. Niliziweka mezani nikazitazama. Mtu uliyezoeana naye humrudishii ndimu, tena tatu.

Shoga yangu hakupeleka visheti wala kaimati. Yeye alikuwa mtu wa Jang'ombe, nyumba ya udongo na bati, mamake ametoka Nungwi na bado akisema kama watu wa huko. Mimi nilikuwa binti wa nyumba ya mawe, ngazi tatu mpaka darini, babu yangu alikuwa na mikarafuu kabla haijauzwa. Nalitaja hili kwa sababu lilikuwamo moyoni. Nilidhani kama kuna mmoja wetu atakayejulikana kwa kuandika, basi itakuwa ni mimi, na yeye atafurahi kwa ajili yangu.

Kisha mumewe akafa. Marehemu alikuwa akipanga herufi kwenye mtambo wa gazeti lile lile, kwa hivyo mke wa mhariri alikwenda matangani, na baada ya matanga akaendelea kwenda. Kila Jumatatu jioni. Nilipopata habari hiyo nilikuwa nachambua mchele, na neno lililonijia ni kwamba hata mauti yamemfungulia mlango. Nililisikia kichwani wazi kabisa, na sikulifukuza.

Mwanamke aliyekaa eda kwetu huitwa kizuka. Miezi minne na siku kumi hatoki, hapaki wanja, hajitii mafuta mazuri, haonani na wanaume wa kando. Mimi niliyekuwa na ruhusa ya kwenda ninakotaka nilidhani huyu sasa kafungiwa. Kumbe mji ndio ulikuwa ukimwendea. Walikuja wanawake wa Malindi na wa Vikokotoni, walikuja wa Nungwi na vikapu vya samaki mikononi, wakunga, mafundi wa kushona, mama mmoja anayeuza ukili wa kushonea mikeka tu. Kila aliyekuja alikaa mkekani akamliwaza, na akishamliwaza hakosi kusema yake: kazi yake, mumewe wa kwanza, namna mamake alivyokuwa akifanya hiki na kile. Shoga yangu alisikiliza. Chini ya mto alikuwa na daftari la skuli, na wageni wakiondoka aliandika.

Mimi ndiye niliyempelekea makala zake gazetini. Nani mwingine? Kila Jumatano asubuhi, kabla wageni hawajaanza, nilivuka kwenda Jang'ombe, nikachukua karatasi zake nikazitia mkobani pamoja na zangu, na Alhamisi nikazifikisha dirishani. Mwezi wa kwanza zilitoka za wote wawili. Mwezi wa pili zake zilitoka zote, yangu moja. Karani akaanza kuuliza, "Ya mwenzio ipo?" kabla hajaitikia salamu.

Asubuhi moja mke wa mhariri alipita Jang'ombe akatukuta sote wawili, akasema analo jambo. Gazeti litafungua ukurasa wa kina mama. Linataka mwanamke mmoja wa kuandika kila wiki, na huyo atapelekwa Dar es Salaam wiki sita kwenye mafunzo, pamoja na wanawake wanaoandika wa Mombasa, wa Tanga na wa Pemba. "Mume wangu anasema kila mmoja alete makala moja Alhamisi ya wiki ijayo," akasema. "Ya kweli, isiwe hadithi ya kubuni. Atakayempendeza ndiye."

Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na kuolewa nilikutaka sana. Wiki sita kukaa na wanawake wanaofanya ninachokifanya, niwaulize wanaanzaje, wanamalizaje, wahariri wao wana tabia gani. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke mwandishi mwengine ila yule aliyekaa mbele yangu na nguo nyeupe. Nikafanya hesabu ya eda kwa vidole, nikiomba imzuie. Nyumbani nikarudia kwa kalenda ya ukutani. Eda yake ilikuwa ikimalizika siku tisa kabla ya safari.

Jumatano ilipofika nikaenda. Nilimkuta amechoka, anasema kwa kunong'ona.

"Vipi, unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi. Sauti tu imenikauka tangu jana."

Sikuuliza imekaukaje. Nilikuwa natazama karatasi.

"Yako imekuwaje?" akaniuliza.

"Nshaimaliza. Nzuri."

"Najua itakuwa nzuri," akasema, na alisema kweli kutoka moyoni, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Yangu ilikuwa juu ya milango ya kuchonga ya mji wetu. Nilikuwa nimeieleza misumari, minyororo, maua, mbao zilikotoka. Kila sentensi ilikaa sawa, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Hilo nililiona nilipofika nyumbani, nikakaa kwenye ngazi na buibui langu bado mwilini, nikaisoma yake.

Aliandika juu ya mwalikaji. Kila mtu wa mjini alimjua bibi yule: mwenye harusi humtuma apite nyumba kwa nyumba, asimame chini ya ngazi, aite, aseme fulani anakualikeni siku fulani, kisha aende nyumba nyengine. Alikuwa akija kwetu tangu mimi sijui kuvaa viatu. Nilikuwa nikimwitikia kutoka juu, "Naam," namuuliza siku gani, basi. Shoga yangu alikuwa amemuuliza mengine. Alimuuliza anakumbukaje majina mia mbili bila kuandika, naye alimwambia huyapanga kwa harufu za ngazi: hapa karafuu, hapa mafuta ya taa, hapa papa. Alimuuliza ni nyumba gani humpa maji ya kunywa. Na katikati palikuwa na sentensi moja, ya bibi mwenyewe: "Nimeualika mji mzima, na mwenyewe hajanialika mtu, maana wote wanadhani nshajua."

Niliisoma mara tatu. Nilitafuta kosa ndani yake kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka, nikapata koma moja tu. Nyumba isiyompa maji ilikuwa haikutajwa, lakini ngazi yake ilinuka karafuu, kama yetu.

Nikafungua sanduku langu, nikaiweka chini kabisa, chini ya kanga zangu za harusi. Nilijiambia nitaipeleka baadaye kidogo, labda Ijumaa, nitasema nilisahau. Alhamisi nikafika dirishani na milango yangu. Karani akauliza, "Ya mwenzio ipo?" Nikamwambia, "Safari hii hakunipa." Ulimi haukunitetema hata kidogo.

Ijumaa sikuipeleka, wala Jumamosi. Jumatatu niliitoa nikaitia mkobani nikaenda Jang'ombe jioni, na mpaka leo sijui nilikuwa nataka kuirudisha au kuitupa njiani. Sikuwa na kawaida ya kwenda jioni. Nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani palikuwa na wanawake kiasi cha kumi na wawili, mke wa mhariri amekaa karibu na mto wa shoga yangu, na pembeni, karibu na mlango kama mtu aliye tayari kuondoka, yule bibi mwalikaji mwenyewe. Nikatoa shikamoo zangu, nikaitikiwa, nikapewa nafasi.

Mke wa mhariri hakunizungusha. "Bora umekuja. Mume wangu amepata ya milango, ya mwalikaji hakuipata. Kaniambia shoga yako hakuandika kitu. Nikamwambia hakuandika vipi, na mimi nimeisikia kwa masikio yangu, Jumatatu ile na hata Jumanne nilipopita kuleta dawa?"

Hapo ndipo nilipofahamu sauti ile ilikaukaje. Alikuwa akiwasomea. Kila aliyeingia aliomba asomewe ile ya bibi, naye akasoma, siku mbili mfululizo, kwa Malindi yote na Jang'ombe yote. Mimi niliyekuja asubuhi tu, kabla ya watu, ndiye peke yangu niliyedhani karatasi ile ni siri. Nimeificha sandukuni, na mji mzima umeshaihifadhi.

Mke wa mhariri alikuwa ananitazama kama anayetazama sahani iliyorudi.

"Mimi ndiye mwenye kosa," shoga yangu akasema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona. "Nilimwambia akae nayo kwanza, anitazamie makosa. Yeye kasoma zaidi yangu. Nilimwambia asiipeleke mpaka tuonane."

Nikamtazama. Alikuwa akikunja ncha ya nguo yake nyeupe, hakuniangalia.

"Kumbe," akasema mke wa mhariri. "Na makosa umeyaona?"

"Koma moja," nikasema.

Wakacheka, na hewa ikarudi chumbani. Mamake shoga yangu akasema basi kama ipo na isomwe, maana wako wasioisikia. Shoga yangu akashika koo lake. "Soma wewe," akaniambia. "Mie sauti sina."

Nikaitoa mkobani. Ilikuwa imeshika harufu ya sanduku langu, ya udi na nguo za siku nyingi, na aliyekaa karibu nami bila shaka aliisikia. Nikaanza kusoma. Nilikuwa nasoma vizuri, skuli nilikuwa nikituzwa kwa kusoma. Niliwaona wanawake wawili watatu wakitikisa midomo mbele yangu, wanajua neno linalokuja. Nikafika kwenye ile sentensi ya katikati. Sikuweza. Singeweza kuisikia ikitoka kinywani mwangu, nzuri vile, na si yangu. Jicho langu likashuka mstari wa chini nikaendelea kama si mimi.

"Umeruka," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Nikainua macho. Bibi mwalikaji hakujua kusoma, hilo kila mtu alilijua. Alikuwa amekaa magoti pamoja, mikono mapajani.

"Umeruka pangu, mwanangu," akasema taratibu, bila hasira. "Kuna pale ninaposema nimeualika mji mzima."

"Naam, bibi," nikasema. "Kweli, nimeruka."

Nikarudi nyuma nikaisoma. Yeye aliisema pamoja nami, neno kwa neno, na tulipofika "hajanialika mtu" sauti yangu ndiyo iliyokatika, yake haikukatika.

Nilipomaliza, mke wa mhariri aliikunja makala akaitia ndani ya buibui lake, akasema Alhamisi imepita lakini mumewe atamwelewa, na asipomwelewa ataelewa kwa njia nyengine. Watu wakacheka tena. Shoga yangu ndiye aliyekwenda Dar es Salaam. Ukurasa wa kina mama aliuandika yeye, miaka mingi, na milango yangu ilitolewa mara moja, chini, karibu na matangazo.

Lakini jioni ile, wageni walipoondoka kwa ajili ya magharibi, nilibaki. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema. Akanitilia chai akanisogezea kikombe.

"Ile uliyoiruka," akasema, "ndiyo uliyoipenda?"

Niliinamia kikombe changu. Angeniuliza kwa nini, ningejua la kudanganya. Angenitukana, ningemtukana na mimi, tukawa sawa. Hakufanya hivyo. Alinistiri mbele ya watu kumi na wawili kwa uwongo mmoja mfupi, uliopangika, usio na neno la ziada, na nikiwa nimekaa pale na aibu yangu, bado nilikuwa naona wivu kwa namna alivyoutunga uwongo ule.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo hiyo."