Papa Ndege

Nimerudi Kasongo nikiwa na hasira, na kwa kuwa wewe unanijua tangu zamani, nitakumwagia wewe. Kaa basi, usinikatize.

Nilipata ruhusa ya siku chache hospitali ninakofanya kazi, nikaenda Wamaza kumwona baba. Njia unaijua: madaraja ya magogo, matope hadi magotini, na mwenye pikipiki anakuambia ushuke kila mnapofika mlimani. Tulipokaribia kijiji, saa ambayo kila mtoto anapaswa kuwa darasani, nikasikia sauti nyembamba ikitoka bondeni: hooo-aaa, hooo-aaa. Nikamwambia mwenye pikipiki asimame, azime injini. Kule chini, katika shamba letu la mpunga, juu ya kichanja cha miti, alikuwa amesimama binti wa mdogo wangu. Sketi yake ya buluu ya shule ilikuwa imelowa matope, na mkononi alishika fimbo. Alikuwa anafukuza ndege.

Niliwaka, na nitakuambia sababu.

Kwetu, mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wadogo hushuka kwa makundi na kuufyonza. Ukichelewa asubuhi moja, unakuta masuke matupu. Kwa hiyo kuanzia alfajiri hadi jua linapozama lazima mtu awe juu ya kichanja, apige kelele, avute kamba zilizofungwa makopo, abandike tope kwenye ncha ya fimbo na kulirusha. Na mtu huyo ni mtoto. Ndivyo ilivyokuwa katika kila nyumba, ya Wakristo na ya Waislamu, wala hapakuwa na ubishi. Shamba kwa shamba watoto walikuwa wanaitikiana bonde zima, na shuleni yalibaki mabenchi. Mwalimu wetu alikuwa anasimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama bondeni na kusema kwamba ndege wamemlia darasa lake tena.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakwenda shule. Aliyepanda kichanjani ni baba.

Naomba unielewe vizuri. Hakuwa mzee asiyejiweza. Alikuwa mwanamume mwenye mabega, mkata msitu, mtu ambaye wenzake walimwita wakikuta mti mgumu. Msimu ule alikuwa anaweka shoka pembeni na kwenda kufanya kazi ya watoto. Alfajiri tulimsikia akijifunga kitambaa kichwani, kisha tukasikia makopo yanaanza kugongana kule chini kabla jogoo hawajamaliza. Mchana mama alimpelekea muhogo wa kuchemsha na sombe, majani ya muhogo ya mawese, iliyofungwa katika jani la mgomba, akala amesimama, maana ndege hawangoji mtu amalize kula. Tulipotoka shule tulipita pale ili atuone. Alitazama madaftari yetu, ingawa hakujua kusoma, akatuambia twende nyumbani tukatwange. Harufu ya mpunga ule mbichi baada ya mvua, yenye utamu kama maziwa ya kuchemka, bado inanijia hata nikiwa wodini.

Jioni alirudi bila sauti. Hakuna neno. Mama alimchemshia maji ya chumvi na tangawizi, naye akawa anatuagiza kwa vidole: lete kiti, punguza moto, njoo usome. Nilisoma kitabu changu karibu na jiko la mafiga, yeye akisikiliza amefumba macho. Siku moja nilipomuuliza kwa nini hatupeleki sisi kama watoto wa jirani, alininong'oneza kwamba yeye alikaa kule juu utoto wake wote na ndege hawakuisha.

Na watu walicheka, rafiki yangu. Ee, walicheka! Shamba letu liko kando ya njia. Wanaume waliosukuma baiskeli zilizolemewa na madumu ya mawese kuelekea Kasongo walikuwa wanapumzika pale, wanamwona mtu mwenye ndevu anarukaruka kichanjani akipiga hooo-aaa, wanashika mbavu. Wakampa jina: Papa Ndege, baba wa ndege. Walimuuliza kwa sauti alizaa watoto wa nini. Kaka mkubwa wa baba alikuja nyumbani kusema kwamba anauaibisha ukoo, na kwamba msichana anayesomeshwa hivyo ataolewa na nani. Kisimani wasichana walinipokea kwa sauti za ndege. Nilipigana nao hadi ndoo zikapasuka, na sijuti hata kidogo.

Sasa utaelewa nilivyomsubiri mdogo wangu siku ile. Alirudi jioni jua bado liko, akitoka Salamabila, anakowauzia wachimbaji wa dhahabu sabuni na betri. Pikipiki mpya, miwani ya jua. Baba alikuwa amekaa kando ya ukuta, macho yake sasa yana ukungu, sahani ya ugali magotini. Sikungoja hata salamu ziishe. Nilimuuliza mdogo wangu mtoto anafanya nini shambani siku ya masomo.

Akaniambia nisikasirike, ni majuma machache tu, mpunga ukikauka atarudi darasani. Nikamuuliza ni nani aliyekaa kule juu wakati yeye anajifunza kuandika jina lake. Hapo na yeye akapandwa na hasira, mbele yangu mimi yaya wake, dada yake mkubwa.

"Yaya, unafikiri nimesahau? Mimi ndiye waliniita mutoto ya Papa Ndege, mpaka nilipomaliza masomo. Leo mutu mukubwa, iko na pikipiki, iko na watu wanamuheshimu, apande kule juu wamucheke? Hapana. Mimi sitaki."

Ningalikuwa na kitu mkononi ningalimtupia. Umenisikia? Aibu ya vicheko vya wapita njia imemkaa moyoni miaka yote hii, na koo la baba halikumkaa hata siku moja. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba barua zake za biashara anaziandika kwa sauti ya mzee huyu, kila hesabu anayopiga Salamabila ililipiwa kule juu kichanjani, na kwamba leo anamwonea haya hali mwenyewe amekaa hapa anasikia. Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Mke wake aliingiza watoto ndani. Jirani alisimama uani kwake na mchi mkononi, ameacha kutwanga.

Ndipo baba akaongea. Sauti yake siku hizi ni mkwaruzo tu, si ya msimu tena, imebaki hivyo hivyo, ikabidi sote wawili tuiname ili tumsikie.

"Walikuwa wanacheka. Nilisikia, niko na masikio." Akatafuta tonge kwa vidole, akalipata. "Lakini masomo, ile shule yenu, ilikuwa karibu. Mwalimu akiwasomesha kwa sauti, ninyi wote pamoja, mimi nilikuwa ninanyamaza nisikilize. Ndege walikula sana saa ile. Mama yenu sikumuambia."

Akaendelea kula.

Mdogo wangu alivua miwani. Miaka yote nimempelekea baba blanketi, sukari, dawa ya macho, nikidhani huko ndiko kushukuru. Nikapiga magoti, nikashika mkono wake uliojaa ugali, nikasema, "Papa, asante." Nilianza kulia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira.

Aliutoa mkono taratibu. "Asante ya nini? Kesho mutoto aende ku masomo."

Alfajiri nilimvika mtoto sketi iliyofuliwa, bado ina unyevu, nikamsukuma njia ya shule. Mimi nikajifunga kitenge kiunoni, nikapanda kichanjani. Usidhani ni mchezo. Miti inayumba, jua linachoma, mikono inachubuka kwa kamba, na ukigeuka upande huu ndege wanatua upande ule. Kabla ya mchana koo lilikuwa linawaka. Vijana wa pikipiki walipunguza mwendo njiani, mmoja akanipigia kelele, "Dokta, ndege ni wagonjwa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilimrushia tope, nikampata begani.

Nilipopumzika nikaona jinsi bonde lilivyo kimya. Zamani sauti ziliitikiana toka shamba hadi shamba hadi unashindwa kujua yako ni ipi. Mashamba mengi sasa ni magugu, wanaume wamefuata dhahabu. Shule ya udongo aliyokuwa anaisikiliza baba ilianguka kwa mvua, wakajenga nyingine mbali, huko barabara kubwa. Na sauti ile iliyokuwa inawatoa ndege bonde zima, iliyonitoa mimi hapa na kunifikisha hospitali ya Kasongo, haimo tena duniani, ingawa mwenyewe yupo na anakula ugali wake. Hakuna aliyeiweka mahali. Nimekasirika kwa sababu hiyo pia, na sijui nimkasirikie nani.

Siku iliyofuata nilipanda tena. Jua lilipofika utosini nikasikia hatua katika majani. Alikuwa mdogo wangu, peke yake, bila miwani, suruali ameikunja. Pikipiki aliiacha njiani wazi, ambapo kila mtu angeiona na kujua ni ya nani. Hakunitazama usoni.

"Shuka, yaya," alisema. "Jua ni kali."

Nikashuka. Nikampa fimbo. Alipanda bila kujua aweke wapi miguu yake ya viatu, akakohoa, akajaribu hooo-aaa ya kwanza, ikamtoka ndogo kama ya mgonjwa. Njiani mtu akacheka. Nilijua anangoja nimwambie kitu, hata neno moja tu.

Sikumwambia asante. Asante yangu ina mwenyewe.