Pole Niliyorudishiwa

Mwaka jana, kwenye kaunta ya hospitali moja hapa Arusha, mbele yangu alisimama mama mnene wa Levolosi, miaka sitini na ushee, ameshika fomu ya upasuaji wa kupunguza unene. Bintiye akamshika mkono wenye kalamu.

“Mama, kwa umri huu? Ukikonda, mtaa mzima utasema unaumwa.”

“Waseme. Miaka minane naswali kwenye kiti. Nataka kusujudu mwenyewe, paji la uso liguse mkeka, kabla sijalazwa chini na watu.”

Akatia sahihi.

Juzi sokoni mwanamke mwembamba aliinama kuchagua nyanya, akainuka bila kushika meza. Nilimtambua kwa sauti, alipokuwa akimkaripia muuzaji: yule mama wa hospitali. Sisi huku mtu akinenepa tunampongeza, akipungua tunamhurumia, wala hatuulizi. Nikashusha sauti kama niko msibani.

“Shikamoo, mama. Pole sana.”

“Marahaba. Pole ya nini?” Akagusa alama ya sijda, bado changa, kwenye paji lake. “Hiyo kampe mgonjwa. Mimi nipe hongera.”

Nikampa, kwa sauti iliyofika hadi mabuchani.