Stelingi kafa katikati ya picha, baba mkwe kiti cha mbele

Jamani, leo nimemuua stelingi mbele ya baba mkwe.

Mnajua natafsiri picha kwa kipaza sauti kwenye kibanda cha video hapa Mandewa. Leo baba yake Neema, mpenzi wangu, kaja kutoka Iramba kuona kazi ninayofanya, kabla sijapeleka posa.

Nikampa shikamoo, nikampa kiti cha mbele.

Halafu nikaweka picha ya makauboi wa Kitaliano ambayo hata mimi sijawahi kuiona. Kosa!

Tamu ni tamu, sikatai. Vumbi, vilima vikavu kama vya Sekenke, na ule mluzi unaosisimua mwili. Lakini wote wana ndevu, wote wana kofia, na mdomo unafunga huku sauti bado inaongea!

Nikamchagua mwenye kitambaa chekundu shingoni.

"Huyu ndiye stelingi! Anamlipizia kisasi baba yake, na yule mwenye sigara ndiye adui!"

Kibanda kizima kikashangilia.

Mara akampiga risasi padri.

Nikasema, "Padri feki huyo!"

Sijamaliza, yule niliyemwita adui akammaliza wa kitambaa. Kafa kabisa, na picha iko katikati.



Baba mkwe akageuka. "Kijana, si ulisema huyu ndiye stelingi?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unaijua hii picha?"

"Hapana, baba."

Akatazama mpaka mwisho. Mlangoni ndipo akasema, "Jumapili mlete mshenga. Na wewe uje. Ila usiongee."

Neema hapokei simu.

Nyie mnaowajua wazee wa Iramba, nitafsirieni. Hiyo ni ndiyo au hapana?