Jina Lililokuja Siku ya Alhamisi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa misheni moja karibu na Asumbi. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya ubatizo, ambayo mchwa walikuwa wameanza kuyala. Niliyahifadhi kwenye disketi, nazo zikaota ukungu kabatini. Asubuhi moja tatu zilikataa kufunguka, nikarudia kurasa zake zote.

Sista aliyenisimamia, mtu wa Homa Bay asiyependa maneno mengi, alienda Kisumu akarudi na mashine ya kuchoma sidii, yaani kuziandika, pamoja na sidii za aina mbili. Aina moja ingeweza kufutwa na kuandikwa upya. Nyingine huandikwa mara moja tu, kilichoingia kimeingia.

"Tutumie hizi za kufutika," nilimwambia. "Mimi hukosea, Sista."

"Ukiweza kufuta wewe, mwingine pia ataweza. Kila mwaka watu huja hapa wakitaka tuwapunguzie umri. Tutatumia hizi nyingine. Wewe soma kazi yako vizuri kwanza."

Nilisoma wiki sita, kidole kwenye daftari, macho kwenye kioo cha kompyuta. Jumatatu tukachoma sidii ya kwanza huku tukiomba stima isipotee, maana ingepotea katikati, sidii ingeharibika. Haikupotea.

Alhamisi akaja mama mmoja Mkuria kutoka Ntimaru. Zamani mume wake alifundisha shule ya misheni yetu, wakiishi hapa. Alikuwa amesikia kwamba vitabu vinaingizwa kwenye mashine.

"Mtoto wangu wa kwanza mlimwandika?" aliuliza. "Aliishi saa chache tu. Mkunga ndiye alimbatiza."

Nilimwuliza mwaka, nikatafuta kwenye daftari lake. Hakuwepo.

"Sidii tumeshaifunga, mama," nilisema. "Hii haiongezwi kitu."

Nilisema kama vile kosa ni lake, na mpaka leo naona haya. Hakubishana. Alichukua mkoba wake akasimama. "Basi. Nilitaka kujua tu."

Sista alikuwa mlangoni. "Keti, mama," alisema, kisha akanituma nimwite mkunga wa zamani wa misheni, aliyekuwa amestaafu na kuishi nyuma ya soko.

Mkunga alikuja taratibu na fimbo yake. Walipoonana, wale wanawake wawili walishikana mikono. "Alikuwa msichana," mkunga alituambia. "Nilimmwagia maji ya birika la chai. Nilidhani baba yake atapeleka habari kwa padri."

"Hakuweza," mama alisema. "Hakuweza hata kulitaja lile jina."

Sista aliandika jina kwenye daftari, mkunga akatia sahihi. Mimi nikaliingiza kwenye kompyuta, nikamsomea mama kutoka kwenye kioo. Akaniomba nirudie polepole.

Alasiri hiyo tulichoma sidii nyingine. Nilitaka kuivunja ile ya Jumatatu, lakini Sista akaichukua mkononi mwangu.

"Hii ni yale tuliyojua Jumatatu," alisema. "Ile ni yale tunayojua leo. Andika tarehe juu ya kila moja, zikae zote mbili."

Nilimsindikiza mama hadi barabarani. Njiani alinieleza habari za watoto wake wengine watano, na mahindi yaliyokuwa yakimngoja nyumbani. Wiki iliyofuata mimi na Sista tulipeleka nakala za sidii zote mbili Homa Bay, kwenye kabati la chuma la ofisi ya askofu, na kuanzia siku hiyo sikudai tena sidii za kufutika.