Waliomuulizia Mguu

Siku hizi nikiulizwa namba ya simu dukani nasema sina simu, hata kama nimeishika mkononi. Binti wa kaunta hunitazama, huitazama na simu, kisha huniambia kadi ya mteja haifunguki bila namba. Basi isifunguke. Wanangu wananicheka, maana simu zao zinalia kutwa kwa meseji za matangazo na wao hata hawajali. Mimi najali. Nilishawahi kuuzwa, tena kabla simu za mkononi hazijaonekana Mwanza, na aliyeniuza aliniuza pamoja na jirani yangu na mguu wake.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, na ghafla mjini kukawa na magodoro, redio, vitenge na vyerehani vimepangwa hadi barazani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Kirumba, juu kwenye mawe. Chini yangu aliishi mama mmoja mjane, ambaye mumewe alikuwa karani wa pamba na alimwachia simu ya mezani. Majirani wote tulipigiwa kwake. Mtu wako akipiga, huyo mama hakumtuma mtu. Alipanda mawe mwenyewe kuja kukuambia, ingawa mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba miaka mingi, kwa sababu aliamini habari ya simu lazima uambiwe na mtu mzima, tena ukiwa umekaa. Nilimpenda sana, na barua nilizomwandikia mama yangu hazikukosa habari zake.

Kwangu simu ile ilikuwa na kazi moja tu. Mama yangu alikuwa Ukerewe, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Daktari wa macho alikuja Mwanza mara chache, akakaa wiki moja, akaondoka. Tulipatana kwamba zahanati ya kule ikitangaza kuwa daktari amefika, karani wa parokia atanipigia, mama atapanda meli kesho yake asubuhi, na mimi nitampokea bandarini. Peke yake mjini asingeweza kwenda popote. Nyuso za watu alikuwa hazitambui tena, alitambua sauti.

Katikati ya kungoja huko nikatamani cherehani. Nilikwenda kwenye duka jipya mjini, kijana aliyevaa tai akaniambia vyerehani vinakuja kwa treni, nijiandikishe kuwa mteja wao nami nitaarifiwa. Akafungua daftari kubwa: jina, kazi, simu. Hapo kwenye simu nilisita. Nilimweleza kwamba simu si yangu, ni ya jirani, mama mtu mzima mwenye mguu mbovu, na kila ikilia anapanda mawe kunifuata. Nikamwomba apige mara moja tu, siku cherehani kitakapofika. Aliitikia kwa adabu, akaandika yote niliyosema. Nilitoka pale nikimsifu moyoni kwa kunisikiliza.

Jumamosi iliyofuata yule mama akanitokea mlangoni akihema, khanga ameikunja mkononi. Akasema, "Kaa kwanza, mwanangu." Nilikaa, namuwaza mama yangu. Alipopata pumzi akaniambia kwamba dukani wanasema magodoro yameingia. Tulitazamana, tukacheka mpaka tukafuta machozi.

Mara ya pili yalikuwa mabati. Mara ya tatu vikombe vya udongo, na hilo lilikuwa duka ambalo sijawahi kulikanyaga. Jambo lililomfurahisha yule mama ni kwamba wote walimwamkia vizuri, kisha wakamuuliza mguu unaendeleaje. Alisema kumbe vijana bado wana heshima. Alipopanda mara ya tano hakusema hivyo tena. Alikaa kwenye kizingiti changu akiukanda mguu, na mimi niliona aibu mpaka nikashindwa kumkaribisha chai.

Nilirudi dukani nimefura. Yule kijana aliomba radhi mara tatu, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaifuta namba mbele ya macho yangu. Nikamwamini tena, mjinga mimi. Siku mbili baadaye ikapigwa simu ya rangi za nyumba. Safari hii nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye duka la rangi na kumwomba mwenyewe anionyeshe namba yangu ameitoa wapi. Alinifungulia daftari lake bila ubishi, akaniambia kwamba yule kijana wa vyerehani humuuzia majina ya wateja kila mwezi. Langu lilikuwepo, na mbele yake pameandikwa: Mwalimu. Simu ya jirani. Mama ana mguu mbovu, mwamkie, umuulize mguu kwanza.

Nilisimama pale nikiusoma mstari ule mara ya pili. Nilichomwambia ili amhurumie mama wa watu, yeye alikifanya chambo. Afadhali angeniibia mkoba. Mkoba ningeupigia kelele, lakini huyu aliiba huruma yangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea neno kwa neno.

Jioni ile nilimwendea jirani, nikamwamkia, nikamwambia yaishe. Nikampa maagizo, na wakati ule nilijiona mjanja kweli kweli. Nikamwambia, "Mama, sauti usiyoijua ikikuuliza mguu, usiingoje. Kata simu." Alikubali kwa furaha. Kwa wiki mbili hakupanda mawe hata mara moja, na tukapongezana.

Jumapili moja, baada ya ibada, nikawasikia wanawake wawili wakisimulia kwamba daktari wa macho alikuwa amekuja na ameshaondoka. Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikapanda meli.

Nilimkuta mama uani akichambua maharage kwa vidole, uso ameuinua juu. Nilipomwamkia aliitikia, akanisogezea kigoda. Alinisimulia taratibu, bila lawama, na hicho ndicho kilichoniumiza. Alikuja Mwanza. Alikaa bandarini juu ya mzigo wake tangu meli ilipofika hadi ilipogeuza mchana, akisikiliza kila sauti inayopita. Aliwauliza watu kama wanamjua mwalimu wa Kirumba, wakamwambia walimu ni wengi. Akarudi na meli ileile. "Nilijua umebanwa na kazi," alisema.

Nikamuuliza kama karani alinipigia. Akasema alipiga, mbele yake, na mwenye simu akamkatia kabla hajamaliza salamu. Walijaribu tena, akakata tena, ndipo mama akapanda meli hivyohivyo, akitumaini kwamba habari za daktari nitazisikia huku mjini.

Kisha mama akanigeukia, akautazama ukuta ulio pembeni yangu akidhani ndipo nilipokaa.

"Labda kosa ni langu," alisema. "Ulivyoniandikia habari za yule mama, nilimwonea huruma. Nikamwambia karani asianze na shida yetu. Amwamkie, amuulize mguu kwanza."