Ukuta wa Mama Katika Jumba la Taifa

Kamati ya kuanzisha jumba la taifa la sanaa ilikuwa na watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kushika brashi. Nasema wetu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu. Tulikutana pale Mwanza, tukanywa chai, tukabishana vikao viwili kuhusu rangi ya mapazia. Mwenyekiti alikuwa mzee wa suti na mbwembwe nyingi. Kila akitamka "urithi wetu" alitazama saa.

Jumba lilikuwa na mapazia, halikuwa na sanaa. Ndipo nikawapeleka nyumbani kwetu, Usagara, wakauone ukuta wa mama. Mvua zikiisha, mama na majirani zake walikuwa wakikandika nyumba upya kwa udongo na samadi, kisha wakachora juu yake kwa majivu, masizi na udongo mweupe. Kila mmoja alikuwa na mkono wake. Ungemwonyesha mwanamke yeyote pale ukuta, angekutajia mchoraji papo hapo. Mama alichora pembe za ng'ombe zilizosukana mpaka dirishani.

Waheshimiwa wakala kuku wake, wakapiga picha, wakakata kipande cha ukuta kwa msumeno. Tundu tukaliziba kwa bati. Mama hakulalamikia tundu. Alitaka kitu kimoja tu.

"Jina langu mtaliandika?"

"Litaandikwa, mama," nikamjibu.

Kwenye kikao cha kuandaa vibao vya maelezo, mwenyekiti akatangaza kwamba mchoro unaofutwa kila mwaka hauna mwenyewe, ni wa kabila zima. Upuuzi mtupu, tena kutoka kwa mtu aliyekuwa bado na ladha ya kuku wa mama mdomoni. Wajumbe wakaafiki, kama kawaida yao. Mimi nikaandika uamuzi huo kwenye muhtasari, kwa mwandiko safi.

Siku ya ufunguzi hotuba zilikuwa ndefu kuliko jumba lenyewe. Mama alikuja na kitenge kipya na bonge la udongo mweupe ndani ya kitambaa, kwa kuwa nilimdokeza kwamba ukuta umepata ufa. Mlinzi akamnyang'anya mlangoni.

"Shikamoo bibi. Humu hatugusi vitu."

Ukumbini kulikuwa na ubao mpana wa historia ya jumba, wenye majina ya waasisi wote kumi na mmoja kwa rangi ya dhahabu. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alifuatisha kwa kidole. Alipofika kwenye jina langu akalisoma kwa sauti, akawageukia wageni.

"Huyu mwanangu."

Kisha akaenda kwenye ukuta wake. Kibao chake kilikuwa kidogo mno, ikabidi ainame. Akakisoma mara mbili: "Msanii hajulikani."

Akanyanyuka polepole, akanitazama.

"Siku wanaandika haya, baba, wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia sikuwepo.