Mtoto wa Pishori na Sindano

Baba yangu alikuwa fundi wa mabati pale Shauri Moyo, na hakuna jambo ambalo hakulijua. Akisikia neno moja tu, sentensi iliyobaki aliitunga mwenyewe.

Mjomba, kaka yake mama, alifanya kazi kwenye mashamba ya majaribio ya mpunga huko Mwea. Jumapili moja akatuletea mfuko wa mchele. Mama akaupika, na tulipokuwa tukila mjomba alieleza kwamba pishori hunukia vizuri lakini ni dhaifu; ugonjwa wa ukungu ukiingia shambani, shingo za masuke huoza. Kwa hiyo waliizalisha na mpunga mwingine mgumu, kisha wakaiambukiza miche ugonjwa makusudi. Iliyokufa ilitupwa, iliyosalia ikatoa mbegu.

"Huo mwingine mnauitaje?" baba akauliza.

"Sindano, shemeji. Punje zake ni nyembamba. Huu mnaokula ni mtoto wa pishori na sindano. Kinga ameirithi."

Baba akaacha kutafuna. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba serikali imedunga mchele sindano. Wajinga ndio waliwao, na majirani zetu walikuja na vikombe vyao kuliwa. Mmoja alimpikia mumewe mwenye pumu. Pumu ilikula wali, ikashiba, ikaendelea.

Siku hizo surua ilikuwa imeingia mtaani na watoto walikuwa wakichanjwa kliniki. Mama alinivisha viatu tuende. Baba akasimama mlangoni.

"Wampeleka wapi? Huyu si ashakula sindano! Unataka adungwe mara mbili?"

Mama alimtazama, kisha akanivua viatu. Hilo nalo linaniudhi hadi leo.

Kinga ya mpunga hulinda mpunga, tena dhidi ya ukungu ule tu. Swali moja kwa mjomba lingetosha, lakini kwa baba, kuuliza maana kulikuwa aibu. Surua ilinilaza, nikapona, ila sikio la kushoto lilitoka usaha mpaka likafa. Mjomba alilia alipopata habari. Baba alisema mama aliupika mchele mno, dawa ikaungua.

Siku hizi amezeeka. Akija kwangu huketi upande wangu wa kulia, akabishana kuhusu mabati na siasa kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kisha husogeza stuli upande wa kushoto, akainama, akanong'ona maneno marefu huku machozi yakimlengalenga. Anajua vizuri sana ni sikio lipi halisikii.